Mwongozaji wa Chumba cha Kufulia

Kwenye paji lake la uso kulikuwa na kovu dogo, na kila aliyejiunga na kundi letu alisimuliwa habari ya kovu hilo kabla hajaambiwa jambo jingine lolote. Lilitokana na bomba la maji ya moto. Mwongozaji wetu alikuwa mrefu kupita kiasi, na dari ya chumba tulichoigizia ilijengwa kwa ajili ya watu wanaoinamia mabeseni. Miaka yote niliyomfahamu aligonga bomba lile lile, mahali pale pale, na kila mara alilitazama kwa mshangao kama mtu aliyekuta limewekwa jana. Jina lake ninalo, lakini silitaji, kwa sababu sisi hatukulitumia. Tulimwita Mwongozaji, hata alipokuwa dukani anachagua viazi.

Makundi mengine ya maigizo ya Stockholm yalikuwa na kumbi zenye mapazia mekundu. Sisi tulikuwa na mashine tatu za kufulia, kabati moja la kukaushia nguo, meza ya kukunjia mashuka, na Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Chumba kilikuwa chini ya jengo la ghorofa huko Skärholmen, miaka ile ambapo majengo yenyewe bado yalinuka saruji. Jengo zima lilitumia chumba hicho kimoja, na kila nyumba ilikuwa na kikufuli chake chenye namba. Ukitaka kufua, unakwenda kwenye ubao ulioko mlangoni, unachomeka kikufuli chako kwenye tundu la siku na saa unayoitaka, unaondoka na ufunguo. Basi. Muda huo ni wako, na hata angekuja waziri na soksi zake angesubiri.

Mwongozaji, aliyekuwa mpangaji mle, aliupenda ubao ule kuliko kitu chochote alichokikuta Ulaya. Alisema kwao alishawaona watu wakitafuta ukumbi kwa barua, kwa wajomba na kwa vitisho, na huku mtu anapata ukumbi kwa kikufuli. Jambo moja tu alisahau, au alijitia kusahau: hakumwambia mtu yeyote katika jengo lile kwamba anaonyesha michezo ya kuigiza. Kwa mujibu wa ubao, sisi tulikuwa tunafua.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nimetoka Tanzania na koti lisilofaa. Aliyenipeleka pale ni Nyambura, Mkenya tuliyesoma naye, aliyeniambia kwamba kuna mahali kila Jumamosi watu wanaongea Kiswahili mpaka masikio yanapona. Mwongozaji alinitazama kutoka juu, akaniuliza, "Unajua kusimama?"

"Kusimama tu?"

"Kusimama tu. Simama pale karibu na kabati. Usifanye kitu."

Nikasimama. Wao wakaendelea na mazoezi yao, wakanywa kahawa, wakagombana, wakapatana. Baada ya nusu saa akanigeukia. "Unafaa, mdogo wangu. Wengi hawawezi." Nilirudi nyumbani nikiwa na maumivu ya magoti na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa Södertälje, kwenye kiwanda cha malori, akikaza nati. Hakukionea aibu kiwanda wala hakukisifia. Alisema kimemfundisha kwamba lori zima linaweza kusimama kwa sababu ya nati moja, na hapo ndipo lilipoanzia balaa lake la kutafuta makosa. Alikuwa na daftari lenye jalada jeusi, tuliloliita Daftari la Makosa. Kila baada ya onyesho tuliketi juu ya vikapu vya nguo vilivyofudikizwa, yeye anamimina kahawa kutoka kwenye chupa yake, kisha anasoma. "Ilunga ameinua mkono wa kushoto badala ya kulia. Nyambura amepumua kabla ya neno. Mwongozaji amegonga bomba." Hakujificha, aliyasoma ya kwake kwa sauti ile ile. Halafu anafunga daftari, anasema neno lake moja, "Tumekaribia," na kikao kimekwisha.

Neno hilo lilikuwa na uzito kwa sababu ya ahadi. Kila aliyeingia kundini aliisikia, na wakongwe waliisikia kila mwezi. "Mchezo mmoja tu usio na kosa, ndugu zangu. Mmoja. Kesho yake mnanisindikiza uwanja wa ndege." Kwao Tanga alikuwako dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea, na ndiye aliyekuwa anamsubiri. Wala hayakuwa maneno matupu. Chini ya meza ya kukunjia mashuka kulikuwa na sanduku la kahawia lenye pembe za chuma, limeshafungwa tayari, ndani yake suti moja, blanketi la sufu na birika la enameli, zawadi za dada. Na kwa kuwa kundi halikuwa na vifaa, sanduku hilo liliigiza katika kila mchezo tuliotoa. Lilikuwa kiti cha enzi, jeneza, kaunta ya ofisi, mashua. Nasema kweli, lilikuwa mwigizaji mzuri kuliko Ilunga.

Nyumbani kwake aliishi kama mtu anayeondoka kesho. Hakununua pazia wala kitanda. Alikuwa na sahani moja na kijiko kimoja, hivyo ukimtembelea mlikula kwa zamu, mmoja anatafuna huku mwingine anatazama dirishani kwa adabu. Lakini mtu huyo huyo alipanda vitunguu kwenye mkebe hapo dirishani, akavimwagilia, na vikiisha akapanda vingine. Nyambura alimuuliza siku moja vitunguu hivyo atavila nani kama yeye yuko safarini. Mwongozaji alijibu kwamba vitunguu havina haraka, akabadilisha mazungumzo.

Mambo yake mengine yalipingana hivyo hivyo. Alitufokea kwa kuchelewa huku saa yake mwenyewe ikiwa nyuma kwa dakika ishirini. Alidai Kiswahili safi jukwaani, lakini akigonga bomba alitukana kwa lugha ya kwao, matusi marefu sana, mpaka tukaomba atufundishe. Alisema hapendi kupigiwa makofi, na akiwa amepigiwa alitembea wiki nzima akipiga mluzi.

Sasa nimtaje Mama Saa Sita, maana bila yeye hakuna kundi. Alikuwa mjane wa Kiswidi wa ghorofa ya pili, na tangu jengo lifunguliwe kikufuli chake kilikaa kwenye tundu la Jumamosi saa sita mchana, mara tu baada ya chetu. Hakuna aliyemhamisha, wala asingehama. Jumamosi moja alishuka na kikapu chake mapema kidogo, akafungua mlango, akakuta watu zaidi ya ishirini wamekaa gizani na Ilunga amelala juu ya sanduku analiliwa msiba.

"Mnafua nini hapa?" aliuliza kwa Kiswidi.

Mwongozaji alijibu kitu cha kishairi ambacho hakikusaidia. Sote tulijua kwamba sasa tumekwisha, atapeleka habari kwa wenye jengo na ukumbi wetu umekwenda na maji. Mama yule akatazama saa yake. Ilikuwa bado dakika kumi. Akaketi juu ya kikapu chake, akasubiri zamu yake, na msiba ukaendelea. Jumamosi iliyofuata alikuja saa tano na nusu, iliyofuata saa nne, na mwezi ulipokwisha alikuwa anafika kabla yetu, anafuma soksi, na anauliza kwa nini hana kazi ya kufanya.

Mwongozaji akampa kazi ya mkumbushaji, yule anayeshika maandishi na kumnong'oneza mwigizaji aliyesahau. Kiswahili hakukijua hata neno. Akafundishwa sauti za herufi kwa Jumamosi mbili, na tangu hapo kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya karatasi, neno kwa neno, na ukikwama tu unalisikia neno lako kutoka pembeni, limenyooka. Lakini Kiswahili chote alichokuja kukijua kilitoka kwenye michezo yetu. Siku moja nikiwa na wanafunzi wenzangu pale kwenye maduka ya Skärholmen, aliniona kwa mbali, akafurahi, akapaza sauti, "Inuka, binti wa msaliti!"

"Nimeinuka, Mama," nikamjibu. Ningemjibu nini?

Watu wakisikia kwamba nimeigiza Stockholm huniuliza tulicheza michezo gani. Mwongozaji hakutaka michezo ya watu wengine. Aliandika mwenyewe, kwenye treni ya kwenda kazini, na kila mmoja ulikuwa jaribio la jambo ambalo mtu mwenye akili timamu asingelijaribu. Mmoja uliitwa *Foleni*. Mtazamaji akiingia anapewa kikaratasi cha namba, kama vile vya dukani. Sisi tumekaa nyuma ya sanduku, tunaita namba moja moja, na anayeitwa anasogea na kuulizwa, "Umekuja kufanya nini hapa?" Akijibu anaambiwa arudi mwisho wa foleni. Hakuna kingine. Waafrika wenzetu walicheka mpaka wakashika mbavu, maana swali hilo walishaulizwa kila ofisi. Waswidi walijibu kwa makini. Mzee mmoja alifikiri sana, akaeleza kwa utaratibu mzuri kwamba kwa kweli hajui, akarudi kukaa na uso wa mtu aliyetua mzigo. Kosa lilikuwa kwamba namba zilituishia, na Nyambura akaita namba ambayo hakuna aliyepewa. Watu wakatazamana wakimtafuta mwenye namba, na mpaka leo sijui kwa nini jambo hilo lilitutia simanzi.

Mwingine ulikuwa *Mahakama*. Mashine tatu za kufulia ndizo zilikuwa mahakimu, zinazunguka kweli, na mshtakiwa lilikuwa shati. Ulihesabiwa kwa dakika, kwamba mashine zitakuwa zimetulia wakati mimi, mama wa shati, ninapoomba huruma. Zikachanganya hesabu. Nimepiga magoti, nimefungua mdomo, hakimu wa pili akaanza kukamua nguo kwa kishindo na kutembea sakafuni akinifuata. Niliomba huruma nikirudi nyuma. Katika daftari Mwongozaji aliandika kwamba hakimu wa pili ametoka nje ya mahakama bila ruhusa.

Halafu kulikuwa na *Kimya*, saa nzima bila neno. Aliyeteseka ni Mama Saa Sita. Alipewa karatasi tupu kwa heshima, naye akaifuata kwa kidole kutoka juu hadi chini, ukurasa baada ya ukurasa, na Ilunga aliposimama muda mrefu mno alishindwa kuvumilia, akakohoa kumkumbusha. Ilunga, Mkongo mpole mwenye sauti nzito, akashtuka na kusema, "Pardon, Mama." Hilo likawa neno la pekee katika mchezo usio na maneno.

Makosa hayo yalikuwa ya kweli, na niliyapenda. Lakini kuna mengine.

Tulitoa mchezo ulioitwa *Mto*. Sanduku liliwekwa katikati ya sakafu, ndiyo mto wenyewe, na ndugu wa damu wamesimama ng'ambo hii na ng'ambo ile, hawawezi kuvuka. Wanaongea tu. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, theluji inayeyuka huko nje, maji yanadondoka ngazini. Tulianza vizuri. Tukaendelea vizuri. Ilipofika saa sita kasorobo nikaona Nyambura ananitazama kwa macho makubwa, na hapo ndipo nilipotambua: hakuna aliyekosea. Mikono yote ilikuwa mikono yenyewe. Kidole cha Mama Saa Sita hakikusimama hata mara moja. Hata bomba lilikuwa salama.

Nikamtazama Mwongozaji. Alikuwa amesimama mlangoni, daftari amelifunga, na kalamu alikuwa anaivua kifuniko na kuivika tena. Ilunga akanong'ona nyuma yangu, "Bon. Leo anaenda kwao."

Nilifikiria Jumamosi bila yeye. Nilifikiria wiki nzima ya wodini, nikiongea Kiswidi cha kuokoteza, halafu Jumamosi inafika na chumba kile kina nguo tu. Sikufikiria jambo jingine, na sitajisingizia kwamba nilifikiria. Niliinua mguu, nikavuka mto.

Nilivuka bila hata kulowa. Nikasimama ng'ambo ya pili karibu na Nyambura, ambaye kwa mujibu wa mchezo alikuwa anakufa kwa kunikosa. Mama Saa Sita alipekua karatasi zake akitafuta mahali ninapovuka, akakosa, akaamua kunionya kwa alichokipata, "Maji ni mengi, usivuke!" Nilikuwa nimeshavuka. Watazamaji wakaangua kicheko. Mwongozaji alilifungua daftari polepole, akaandika.

"Tumekaribia," alisema baadaye, akamimina kahawa, na kalamu imelala mfukoni.

Tulipokuwa tunasubiri treni, Nyambura alinishika mkono. "Wewe! Ulifanya makusudi."

"Nimefanya makusudi."

"Mungu ashukuriwe. Mimi nilikuwa karibu nianguke nijifanye nimezirai."

Ilunga akasema hata yeye alikuwa amejiandaa kucheka. Basi pale pale stesheni tukala njama. Tungeigiza kwa moyo wote, kwa sababu alistahili, lakini katika kila mchezo mmoja wetu angekosea jambo moja dogo ili Mwongozaji asiondoke. Na ili tusikosee wote kwa pamoja, tukapanga zamu. Tulikuwa tumeshaishi na ubao ule mpaka umetuingia. Tulikuwa na zamu ya kufua na zamu ya kukosea. Mimi nilikosea kwa adabu, kiatu hiki, shali ile. Nyambura alipenda kuruka mstari mmoja. Ilunga alizidisha: zamu yake alikuwa mfalme aliyekufa, na alikufa amevaa viatu vya mpira vya mvua. Mwongozaji aliandika yote, anasoma, "Tumekaribia," na vitunguu vinaota dirishani. Tulijiona wajanja sana. Tulidhani tunampiga chenga.

Barua za dada yake alizisoma mbele yetu wakati wa kahawa, tena hakuzisoma tu, aliziigiza, kwa sababu zilijaa kuku wanaopotea na majirani wanaosemana. Tulimjua dada yule kana kwamba anafua na sisi. Siku moja akaanza barua mpya kwa madaha yake ya kawaida, akafika katikati, akaishusha barua. Nyambura akaichukua mkononi mwake, akaimalizia. Dada aliandika kwamba juzi alimsikia mtu akiongea barabarani, akatoka mbio akidhani ni mdogo wake, na alipofika akakumbuka kwamba hajui tena sauti ya mdogo wake ikoje. Aliandika hivyo, kisha akarudi kwenye habari za kuku.

Hakuna aliyekunywa kahawa yake. Kwenye treni tulikaa kama watu waliokamatwa na kitu cha watu. Nilisema mimi ndiye niliyeanza, kwa hiyo mimi ndiye ninayemaliza: mchezo unaofuata hauna zamu. Ilunga akatikisa kichwa kukubali, na macho yake yalikuwa mekundu. "Bon," alisema. "Tumurudishe kwa dada yake."

Mchezo huo uliitwa *Mlango*. Mwisho wake, taa zinazimwa, sote tunasimama gizani tumeuelekea mlango wa nje, ule wenye ngazi fupi za kupandia uani, tunasubiri. Tunavuta pumzi kumi. Ndipo mlango unafunguliwa, mwanga wa mchana unaingia, mchezo umekwisha. Kazi ya kufungua mlango Mwongozaji aliichukua mwenyewe. Alisema hamwamini mtu mwingine.

Tulifanya mazoezi kama watu wanaotayarisha safari ya mgonjwa. Nilisema maneno yangu njiani na nikiwa natandika vitanda vya wodini. Na Jumamosi yenyewe, naapa, hatukukosea. Nyambura hakupumua kabla ya neno. Ilunga aliinua mkono wa kulia. Kwenye giza la mwisho nilikuwa nalia kimyakimya kwa sababu tumefanikiwa, nikahesabu pumzi. Saba, nane, tisa, kumi.

Mlango haukufunguka.

Nikahesabu kumi nyingine. Mtazamaji mmoja akakohoa. Tulimwona Mwongozaji kwa ule mwanga mwembamba wa chini ya mlango, mkono wake uko kwenye kitasa, mrefu, ameinama, na hafungui. Tulisubiri mpaka kusubiri kwenyewe kukaanza kuuma. Ndipo nikasikia kikapu kikiinuliwa. Mama Saa Sita alikuwa ametazama saa yake yenye vishale vinavyong'aa, na saa sita ilikuwa imetimia. Akapita katikati yetu hadi mlangoni. Hakumsukuma. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa Mwongozaji, akakandamiza kitasa pamoja naye, na mwanga wa theluji ukaingia wote kwa mara moja.

Watazamaji walisimama wakapiga makofi kuliko siku zote. Walisema hawajapata kuona mwisho kama ule. Kwenye kahawa Mwongozaji alifungua daftari, akasoma kosa moja tu: mlango haukufunguliwa na aliyepewa kazi. Hakusema kwamba tumekaribia.

Ilikuwa desturi yetu kumsaidia Mama Saa Sita kukunja mashuka, kwa kuwa tulimlia dakika zake. Siku hiyo tulibaki mimi na Mwongozaji, kila mmoja ameshika pembe zake mbili, tunasogeleana na kuachana. Shuka la tatu ndilo lililomfungua mdomo.

"Mimi nilitumwa cheti, mdogo wangu."

"Cheti gani?"

"Cha ufundi. Nilipewa nafasi ya kuja kusoma, na dada alitangaza mtaa mzima kwamba ndugu yake atarudi na cheti. Mwaka wa pili nikaacha. Sikufukuzwa, niliacha. Nilikuwa naandika michezo darasani." Tukasogeleana, nikachukua pembe zake. "Nikasema, basi, nikifanya jambo moja ambalo halina kosa, hicho ndicho cheti changu, nitaweza kuingia uani kwake. Leo mmelifanya. Nikashika kitasa, nikaona bado siwezi."

Nami nilikuwa na dhambi yangu. Nilitaka kumwambia habari ya zamu yetu, nikashindwa. Nikamwambia, "Mwandikie ukweli." Akaokota shuka la nne.

Kundi lilikwisha taratibu kama makundi yanavyokwisha, bila ugomvi. Nyambura alirudi Nairobi. Ilunga alioa, akahamia Södertälje, akawa anaimba kanisani. Mimi nilimaliza masomo, nikaolewa, nikahamia Märsta, na Jumamosi zangu zikawa za watoto wanaonijibu kwa Kiswidi. Mama Saa Sita aliniandikia kila Krismasi kwa Kiswahili chake. Kadi ya kwanza ilisema, "Mfalme amekufa, lakini anakusalimu," na nilielewa kwamba Ilunga amempitia.

Nilimwona Mwongozaji mara ya mwisho kwenye treni ya kwenda Märsta, asubuhi moja ya mwezi wa tano, mwanga umejaa mabehewani. Nilikuwa natoka kazini, zamu ya usiku. Nilianza kuliona sanduku, nikalijua kama unavyomjua mtu uliyeigiza naye, limezungushwa kamba ya kuanikia nguo. Kisha nikamwona yeye juu yake. Mvi zilikuwa zimeanza.

"Kaka! Mchezo umepatikana?"

"Haukupatikana," alisema, akacheka kicheko chake chote. "Nilimwandikia, kama ulivyosema. Imenichukua miaka, lakini nilimwandikia kurasa tisa. Nikamweleza cheti, nikamweleza kuacha, nikaomba radhi. Unajua amenijibu nini?" Akajinyoosha, akawa dada yake, mkono kiunoni. "'Cheti gani? Njoo, paa la jikoni linavuja na wewe ndiye mrefu.'"

Tulicheka mpaka abiria wakatugeukia. Nilipofuta machozi niliona kwamba nisiposema sasa sitasema tena. "Kaka, kuna jambo. Yale makosa, tangu *Mto*—"

Hakuniacha nimalize. Alitia mkono kwenye koti, akatoa daftari lenye jalada jeusi, akanipa.

Michezo yote ilikuwamo, mmoja baada ya mwingine, na chini ya kila mmoja makosa yake kwa mwandiko wake mdogo. Namba zimeisha. Hakimu wa pili ametoka bila ruhusa. Mkumbushaji amekohoa. Nikafungua mpaka *Mto*. Aliandika: "Mto umevukwa bila kulowa." Na mbele yake neno ambalo hakuwahi kutusomea: "Asante." Nikafungua mbele. Shali nyekundu badala ya nyeupe, asante. Mfalme amekufa na viatu vya mvua, asante sana. Kila kosa tulilolipanga lilikuwa na asante yake, na yale ya kweli hayakuwa nayo hata moja.

"Ulijuaje?"

"Mdogo wangu, mtu aliyekosea hutazama chini. Ninyi mlikuwa mnanitazama mimi."

Tukashuka Märsta. Nje ya stesheni mabasi mawili yalikuwa yamesimama, moja la uwanja wa ndege, jingine la kwangu, la upande wa nyumbani. Kiswidi cha kusoma kwa haraka hakikuwa kipaji chake hata siku moja, na miwani ilikuwa sandukuni. "Ni lipi?" aliniuliza.

Sitaficha. Nilichelewa kujibu. Ilikuwa kufumba na kufumbua, lakini nilichelewa, na mguu wangu ulikuwa umeshaelekea kwenye basi la nyumbani. Alinitazama kutoka juu, kama siku ile aliyoniambia nisimame karibu na kabati.

"Leo si zamu yako," alisema taratibu.

Nikampeleka kwenye basi lake. Nilimuuliza dereva mara mbili, kwa Kiswidi changu chote, kama kweli linakwenda uwanja wa ndege, na nilipojibiwa nikamuuliza mara ya tatu. Tuliinua sanduku pamoja. Aliniambia daftari nibaki nalo, akanipa na kalamu, akapanda, na pale mlangoni akagonga kichwa kwenye chuma cha juu. Akakitazama kwa mshangao.

"Hilo usiandike!" alisema.

Basi likaondoka. Nilipunga mkono mpaka likapinda, nikaketi kwenye benchi, nikafungua ukurasa wa mwisho. Niliandika: "Mwongozaji amegonga mlango wa basi." Nikafikiri kidogo, nikaongeza, "Asante." Nilipoinua kichwa, basi langu nalo lilikuwa limeshaondoka.